Niulizeni Kabla ya Kununua Mashine

Mhandisi wa vifaa tiba wa Kwale anasimulia kazi yake: chumvi ya bahari, maji ya kisima, misaada ya ng'ambo, na swali ambalo wanunuzi husahau kuuliza.

Upepo wa bahari ambao mgeni hukata tiketi ya ndege aje auvute Diani ndio huohuo unaokula mashine zetu za hospitali. Chumvi haina haraka. Huingia na hewa kupitia feni ndogo iliyo nyuma ya kifaa, ikatua juu ya bodi ya saketi, ikakutana na unyevu wa usiku, na baada ya miezi kadhaa viungio vya shaba huota kutu ya kijani. Daktari ataona skrini imezima. Sista wa zamu atasema mashine imekufa. Mimi nikifungua kifuniko nikauona ukijani ule, najua mashine ilikuwa imewekwa dirishani.

Nimezaliwa Gazi, ambako bati la paa hutoboka kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni lake, kwa hiyo habari za chumvi sikuzisubiri chuoni. Chuoni nilikwenda kusomea yaliyobaki: umeme, elektroniki, mwili wa binadamu, na namna hivyo vitatu vinavyokutana kitandani pa mgonjwa. Leo ni mhandisi wa vifaa tiba katika hospitali ya umma hapa Kaunti ya Kwale. Madaktari huniita biomedi. Wauguzi huniita dada wa mashine. Mgonjwa akiniona na bisibisi na multimita hudhani nimekuja kubadilisha balbu, na ikiwa ni balbu ya taa ya upasuaji, basi kweli hiyo nayo ni yangu.

Kaunti yetu ina hali mbili. Ukanda wa chini, kuanzia Waa na Tiwi, ukapita Ukunda na Diani, ukashuka Msambweni hadi Shimoni na Vanga mpakani mwa Tanzania, una chumvi na unyevu. Ukipanda Kinango na kuelekea Samburu, chumvi huisha, vumbi likaanza. Mashine mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja huharibika kwa sababu tofauti pande hizi mbili, na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Ulaya hakizijui sababu zote hizo. Mwenye kuzijua ni mtu anayeishi hapa.

Kazi huanza kabla ya kuharibika

Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni. Kwale mjini, Kinango na Lungalunga kuna hospitali za kaunti ndogo, kisha vituo vya afya na zahanati hadi vijijini. Kila mahali pana kifaa. Zahanati ina mzani wa watoto, kipima presha na friji ya chanjo. Hospitali kubwa ina eksirei, ultrasaundi, mashine za nusukaputi, inkyubeta za watoto njiti, mitambo ya maabara. Kuanzia mzani hadi eksirei, lazima awepo mtu anayejua kila kifaa kiko wapi, kina umri gani na kilikaguliwa lini.

Wengi hudhani tunakaa karakana tukingoja kitu kiharibike. Kutengeneza ni sehemu ya kazi, lakini mhandisi anayefanya kazi yake sawasawa hakai muda mwingi humo. Kwanza kuna kuandika sifa za kifaa kabla hakijanunuliwa: kinatumia umeme gani, vipuri vyake vinapatikana wapi, nani atawafundisha watumiaji. Kikifika, tunakipima kabla hatujatia sahihi. Tunakipa namba, tunakiingiza kwenye rejista, tunabandika stika yenye tarehe ya ukaguzi ujao. Tunafundisha wauguzi, na wakihamishwa wadi tunafundisha upya, maana ujuzi huhama na mtu. Baada ya hapo ni ukaguzi wa mara kwa mara: kusafisha, kukaza, kubadilisha kilichochakaa, kulinganisha kipimo cha mashine na kipimo cha kifaa tunachokiamini. Mwisho kuna kustaafisha, yaani kukubali kwamba hii imefika, ifutwe vitabuni na iondolewe varandani isizibe njia.

Huko kulinganisha vipimo ndiko kusikojulikana kabisa na watu wa nje. Mashine iliyozima haimdanganyi mtu, kwa kuwa kila apitaye anaiona. Inayonitisha ni ile inayowaka vizuri na kusema uongo. Mzani wa watoto ukizidisha gramu 200, basi dozi ya mtoto wa kilo mbili, inayopigwa hesabu kwa uzito wake, inazidi kwa sehemu moja ya kumi. Kipima presha kikisoma chini ya ukweli, mama mjamzito aliyestahili kulazwa anaambiwa arudi nyumbani. Hakuna kengele inayolia kukujulisha.

Karibu kila hospitali nchini imeandika mahali fulani ukutani kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Maneno hayo huelekezwa kwa wagonjwa. Bado nangoja kuyaona yamebandikwa mlangoni mwa ofisi ya ununuzi.

Ndani ya sanduku la oksijeni

Tuchukue mashine moja tuifungue. Inaitwa konsentreta ya oksijeni, sanduku lenye magurudumu linalonguruma kando ya kitanda wadi ya watoto. Ndani yake hamna mtungi wa gesi. Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 78 ya nitrojeni na 21 ya oksijeni. Kompresa huvuta hewa ya chumbani na kuisukuma kwa shinikizo ndani ya silinda iliyojaa punje za madini yaitwayo zeolaiti. Zeolaiti hukamata nitrojeni ikaiacha oksijeni ipite, kama kifumbu kinavyobakisha machicha tui likachuruzika. Silinda ya kwanza ikishiba, vali hugeuka, hewa ikaelekea silinda ya pili huku ya kwanza ikitema nitrojeni yake nje. Ule mpumuo unaousikia kila baada ya sekunde chache ndiyo zamu hiyo ya silinda mbili. Mashine ikiwa nzima, kinachofika puani mwa mtoto ni oksijeni ya zaidi ya asilimia 90. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue 82.

Ukaguzi wake huanza kwa sikio. Mpumuo ukikosa mwendo wake, vali ina shida. Kisha nachomoa sponji ya chujio nyuma ya sanduku. Ile ya Kinango huja nyekundu kwa vumbi. Ya Msambweni huja ya kijivu, imejaa nyuzi za blanketi na nywele. Sponji ikiziba, kompresa hukosa hewa, hupata joto, na joto hilo hufupisha maisha ya kila kilichomo ndani. Dawa yake ni sabuni, maji na kivuli cha kukaushia. Kazi hiyo haihitaji cheti, na bado ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Nikishairudisha sponji, nafungulia lita tano kwa dakika, naunganisha kipima oksijeni kwenye bomba la kutokea, na nangoja namba itulie. Ikisoma 93 nabandika stika. Ikisoma 70, hata taa ya kijani iwe inawaka, natoka nayo wadini. Mara nyingi kosa ni zeolaiti kuingiwa na unyevu. Punje zile hupenda maji kuliko zinavyopenda nitrojeni, na zikishakunywa unyevu wa Pwani hazikamati tena kitu kingine. Konsentreta iliyofungiwa stoo "isiharibike" inaweza kuharibika humohumo stoo bila kumhudumia mtu hata mmoja. Ndiyo maana nawasihi wauguzi: hata kama wadi haina mgonjwa wa oksijeni, iwasheni mara kwa mara ipumue.

Mwenzake wa karibu ni kile kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya mwanzo ya 1970. Kibanio kina taa mbili, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa jicho. Damu yenye oksijeni ya kutosha na ile iliyopungukiwa hunyonya mwanga wa taa hizo kwa viwango tofauti, na kompyuta ndogo iliyomo ndani hupiga hesabu. Kwetu hapa kina mtihani wake. Bibi harusi aliyepakwa piko hadi kwenye kucha anaweza kuletwa hospitali, na rangi nzito ya namna hiyo huweza kuuzuia mwanga. Muuguzi anayejua kifaa chake hutafuta mahali penye ngozi tupu. Tena mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba vibanio hivi viliwakosa wagonjwa weusi waliopungukiwa na oksijeni karibu mara tatu zaidi ya weupe. Kwa hiyo nikifundisha wadini nasema: namba ni shahidi mmoja. Mtazameni na mtoto, anavyopumua, midomo yake ina rangi gani.

Maji magumu na kioo chenye ukungu

Ukanda wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vingi ni magumu. Sabuni haitoi povu, na birika huota ukoko mweupe wa chokaa. Ukoko huohuo huota kwenye hita ya otoklevu, mtambo wa kuua vijidudu vya vyombo vya upasuaji kwa mvuke wa shinikizo. Otoklevu inatakiwa kufika nyuzi joto 121 na kukaa hapo dakika 15, au nyuzi 134 kwa muda mfupi zaidi. Hita iliyovikwa chokaa huchelewa kufika, na mwisho huungua. Otoklevu ikisimama, upasuaji umesimama. Daktari bingwa yupo, dawa ziko, mgonjwa amefunga kula tangu usiku, na operesheni haifanyiki kwa sababu ya maji. Kichujio cha maji kingegharimu sehemu ndogo ya bei ya hita, lakini hakikuandikwa kwenye oda, kwa kuwa aliyeandika oda hakumuuliza aliyewahi kuibadilisha hita.

Kwa wagonjwa wa figo maji ni suala zito zaidi. Mashine ya kusafishia damu hupitisha takriban nusu lita ya mchanganyiko wa maji na madini kila dakika upande wa pili wa utando mwembamba, damu ikiwa upande huu. Kikao cha saa nne hutumia kama lita 120. Maji hayo hayaruhusiwi kutoka bombani moja kwa moja. Hupita kwenye chujio la mchanga, chujio la mkaa wa kuondoa klorini, kifaa cha kulainisha maji, kisha utando wa osmosisi ya kinyume unaozuia karibu kila kilichoyeyuka. Mgonjwa huiona mashine iliyo kando ya kiti chake. Mtambo wa maji uko chumba cha nyuma, na kabla mgonjwa wa kwanza hajaunganishwa asubuhi lazima mtu awe ameyapima maji. Yakiwa na kasoro, huwadhuru wote waliokaa vitini, si mmoja.

Unyevu nao una balaa lake maabara. Kwale imechunguzwa kwa miaka mingi kuhusu kichocho na malaria, na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefanya kazi hapa pamoja na wenzao wa vyuo vya Japani na Marekani. Utafiti huo wote, pamoja na kipimo cha kila siku cha mtoto wa shule anayekojoa damu, hupitia kwenye lenzi ya hadubini. Lenzi ikiachwa kwenye giza lenye unyevu, ukungu huota juu ya kioo. Ukiitazama kwa tochi utaona nyuzi nyeupe zimetandaa kutoka ukingoni. Ukiwahi, unaupangusa kwa karatasi ya lenzi na dawa. Ukichelewa, unakuta umekula tabaka la juu la kioo, na hapo hakuna wa kukusaidia ila muuzaji wa lenzi. Kinga yake ni kabati lenye balbu ndogo ya kutoa joto. Seremala wa Ukunda hulitengeneza siku hiyohiyo.

Kasha kutoka ng'ambo

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Perry na Malkin, walitoa matokeo ya uchunguzi wa orodha za vifaa vya hospitali katika nchi maskini. Karibu asilimia 40 ya vifaa havikuwa vikifanya kazi. Mwaka mmoja kabla yake Malkin na mwenzake Keane walikuwa wamepitia maombi ya matengenezo ya hospitali 60 na kuona kwamba takriban theluthi mbili ya vilivyolala vingeweza kuamshwa kwa ujuzi wa msingi tu, bila kuagiza vipuri kutoka nje. Mimi nilipozisoma takwimu hizo sikushangaa. Fyuzi, plagi, waya uliokatika, chujio, betri iliyokufa, mtumiaji asiyefundishwa: hayo ndiyo magonjwa ya kila siku.

Lakini yapo yasiyo na dawa, na mengi hufika kwa meli. Tuliwahi kuletewa kasha la msaada, watu wakavaa vizuri, picha zikapigwa. Ndani mlikuwa na mashine za kufyonzea, zile zinazotoa makohozi na damu kooni mwa mgonjwa. Bamba la nyuma liliandikwa volti 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Stima ya Kenya ni volti 240, mizunguko 50. Mheshimiwa mmoja akasema tununue transfoma. Nikamwambia, "Mheshimiwa, transfoma itashusha volti, lakini mizunguko haiigusi." Mota ya aina ile hufuata mizunguko ya umeme. Kwa 50 itazunguka polepole kuliko ilivyoundwa na kupata joto kupita kiasi. Hewa ya kufyonza hupungua wakati ule hasa mtoto anapokabwa. Waliotuletea walikuwa na nia njema. Barua moja tu ya kutuuliza ingetosha kuokoa gharama ya meli, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya vifaa inasisitiza hilohilo: anayepokea aulizwe kwanza.

Wala shida si ya misaada peke yake. Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia sahihi mikataba ya miaka saba ya kukodi vifaa kwa hospitali mbili katika kila kaunti na nyingine nne za kitaifa, jumla 98. Kampuni kubwa kama General Electric, Philips na Mindray zilishiriki, na utunzaji wa mashine na mafunzo ya watumiaji viliwekwa ndani ya mkataba. Wazo la kuifunga mashine na utunzaji wake pamoja naliunga mkono hadi leo. Kasoro ilikuwa kwingine. Kaunti zililalamika kwamba mipango ilifika ikiwa imeshapangwa. Kamati maalum ya Seneti ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 2020. Miongoni mwa iliyoyakuta ni vifaa vilivyokaa bila kazi kwa kukosa chumba, maji, umeme au mtaalamu wa kuvitumia. Ukiyapima hayo manne utaona hakuna hata moja linalohusu ubora wa mashine. Yote ni maswali ambayo mhandisi wa hospitali husika angeyajibu kwa siku moja akiwa na futi ya kupimia na daftari.

Njia ya kuingia

Vijana wa Msambweni na Lungalunga huniuliza wafanyeje. Nawaambia: fizikia na hesabu zikae vizuri, baiolojia na kemia zisiachwe nyuma. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, hufundisha diploma ya uhandisi wa tiba kwa miaka mitatu. Hapo ng'ambo ya kivuko cha Likoni kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho babu zetu walikijua kwa jina la MIOME, wazazi wetu wakakiita Politekniki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili. Nacho kina masomo ya fani hii. Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa shahada. Aliye upande wa pili wa Vanga anaweza kutazama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha au Muhimbili. Kenya tuna chama chetu cha kitaaluma, AMEK, na wanateknolojia wa uhandisi husajiliwa na bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Kazi haiishii hospitali za umma. Hospitali binafsi na vituo vya kusafishia damu huajiri, kampuni zinazouza mashine hutafuta watu wa kuzifunga na kuzikagua, maabara za utafiti hivyohivyo. Kaunti jirani ya Kilifi kuna kiwanda cha Revital kinachotengeneza sindano na vifaa vingine vya tiba, na mitambo yake inahitaji watu. Kampuni ya Hewa Tele, iliyoanzia Siaya mwaka 2014 chini ya Dkt. Bernard Olayo, huzalisha oksijeni na kuisambaza hospitalini. Na kuna wabunifu. Uganda, mhandisi Philippa Makobore na wenzake walibuni kifaa cha kudhibiti matone ya dripu kwa ajili ya hospitali zisizo na stima ya uhakika. Aprili 2020, korona ilipobisha hodi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionyesha mashine ya kupumulia waliyoiunda wenyewe wakaiita Tiba Vent.

Sitawaficha ugumu. Nafasi za ajira ni chache kuliko vifaa vinavyotungoja, na mtu mmoja anaweza kuwa na vituo vilivyotawanyika kutoka barabara ya lami hadi mwisho wa njia ya bodaboda. Viwanda vingine hufunga programu za mashine kwa nenosiri, ukabaki unaangalia kasoro unayoijua na huruhusiwi kuigusa mpaka mtu wao aje kutoka Nairobi. Na ukiwa mwanamke, utaingia wadini na sanduku la vyuma mkononi, uulizwe, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Huwa najibu, "Anatafuta soketi," nikaendelea na kazi. Mashine ikishawaka swali halirudi.

Wewe uliye kando ya kitanda

Usiku mmoja konsentreta ililia wadi ya watoto. Sista alikimbia akaichomeka tena, asubuhi nikaitwa nikague kulikoni. Mashine haikuwa na neno. Bibi aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake aliniambia bila kuficha, "Mwanangu, nilichomoa kidogo tu nichaji simu, nimpigie babake alete pesa ya dawa." Nikamwambia, "Bibi, hiyo ndiyo inayompa hewa mjukuu wako." Akashika kichwa. Ningeweza kubandika tangazo la onyo ukutani. Badala yake tuliongeza soketi za simu karibu na mlango, na zile za mashine tukazipaka rangi nyekundu. Mgonjwa hukaa hospitali siku nyingi na simu ndiyo inayomfikisha kwa jamaa zake. Wadi isiyo na mahali pa kuchaji imejitafutia balaa yenyewe.

Nawe nyumbani una vifaa vyako. Kipima presha cha mkononi ni kizuri, lakini kitambaa chake kikiwa kidogo kwa mkono mnene kitasoma juu kuliko kweli. Kaa, tulia dakika tano, miguu chini, mkono usawa wa moyo, ndipo ubonyeze. Ukienda kliniki nenda nacho, kilinganishwe na cha pale. Ukiwa na mgonjwa anayetumia oksijeni nyumbani, chetezo cha udi na ubani kisiingie chumba hicho, wala sigara, wala jiko la makaa. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini huufanya moto mdogo kuwa mkubwa mara moja. Chujio la mashine lioshwe, na mashine isisukumwe ikagusana na ukuta au pazia, maana nayo inahitaji hewa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linahitaji sauti ya umma. Kila mwaka kaunti huita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Katiba ya 2010 inawapa haki hiyo. Tumezoea kwenda pale kuomba: eksirei hapa, ambulensi kule, mashine ya figo kwingine. Mkiwa huko kumbukeni kwamba bei ya kununulia ni mwanzo wa gharama tu. Kuitunza mashine kwa mwaka mmoja kunahitaji takriban asilimia 5 ya bei yake au zaidi, kila mwaka, hadi istaafu. Mashine ya shilingi milioni 10 inataka shilingi laki tano mwaka huu, na mwakani tena.

Basi kiongozi akisimama kuahidi mashine mpya, mpigieni makofi, anastahili. Kisha mmoja wenu ainuke aulize mambo matatu: nani ataitunza, fedha za utunzaji ziko kwenye kifungu gani cha bajeti, na vipuri vitatoka wapi. Akijibu kwa majina na kwa shilingi, mashine hiyo itatibu watu. Akibabaika, mwambieni aje karakana kabla hajatia sahihi. Tuko nyuma ya stoo, na saa za kazi mlango uko wazi.